Baisikeli Isiyo na Breki

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo mnachokijua sana, nacho ni baisikeli. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno manne: breki, friwili, mnyororo, meno. Kila mmoja ayasome kwa sauti, kisha tuanze.

Kwanza itazameni baisikeli ya kazi. Simameni asubuhi kando ya njia itokayo Kisarawe na kuteremka vilima vya Pugu kwenda Dar es Salaam, au kando ya barabara ya Morogoro pale Maili Moja. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu ya kazi, lakini baisikeli hazijaisha. Utamwona mtu anakuja na magunia ya mkaa nyuma yake, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani, nayo yamemzidi yeye kwa urefu. Karia imeongezwa vyuma ili ibebe mzigo. Kwenye mwinuko hushuka, akasukuma kwa kifua na mikono. Kwenye mteremko moyo wake wote uko katika breki.

Sasa chukueni baisikeli hiyo mkaivue nguo. Ondoeni karia, madigadi, kengele, taa na stendi. Ondoeni breki ya mbele, halafu ya nyuma. Mwisho ondoeni friwili, yaani kile kigurudumu cha meno cha nyuma kinacholia kere-kere-kere ukiacha kukanyaga. Mahali pake kazeni kigurudumu kingine cha meno kilichoshikana na gurudumu lenyewe, kisichoweza kuzunguka peke yake. Fundi yeyote wa Maneromango au wa Mlandizi akiletewa chombo hicho atauliza kimeibiwa wapi vitu vyake. Lakini hakikuibiwa kitu. Hiyo ndiyo baisikeli ya mashindano ya uwanjani, na mabingwa wakubwa wa dunia wameipanda kwa zaidi ya miaka mia moja.

Je, mtu huipandaje? Katika baisikeli ya kawaida, ukiacha kukanyaga, gurudumu laendelea na wewe unapumzika. Hiyo ni kazi ya friwili. Katika baisikeli ya uwanjani hakuna kupumzika. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo huzunguka, miguu ikitaka isitake. Ukitaka kupunguza mwendo, unazizuia pedeli kwa miguu kidogo kidogo, kama mtu anayemzuia ng'ombe kwa kamba. Anayesahau na kukaza miguu ghafula huinuliwa kutoka kitini, na akiwa na bahati mbaya atalala chini. Ndiyo maana mwanafunzi wa mchezo huu hufundishwa jambo moja kabla ya yote: usiache kukanyaga mpaka chombo kisimame.

Mtauliza, kwa nini watu wenye akili waondoe breki? Sikilizeni vizuri, maana hapa pana fumbo. Uwanjani watu hukimbia wakifuatana karibu sana, gurudumu la mmoja likiwa nyuma ya gurudumu la mwenziwe kwa shubiri moja au mbili tu. Wa mbele hukata upepo na wa nyuma hupata nafuu. Kama mmoja angekuwa na breki na kuikamata ghafula, wote walio nyuma wangemwangukia. Asipokuwa nayo, hawezi kusimama ghafula, wala mwingine hawezi. Breki inayomwokoa mtu wa Pugu ingewaangusha watu wa uwanjani.

Na uwanja wenyewe ukoje? Huitwa velodromu. Una umbo la yai: njia mbili zilizonyooka na kona mbili, moja kila upande. Njia haikulala tambarare. Kwenye kona imeinuliwa upande wa nje kama ukingo wa karai. Viwanja vya siku hizi vya mashindano makubwa hujengwa kwa mbao, mzunguko wake ni mita 250, na kona zake zimeinuka sana hata mgeni akizitazama hudhani ni ukuta. Mtu anayekata kona kwa kasi huvutwa kutupwa nje. Ninyi mliokata kona kwa kasi kwenye mchanga mwajua. Ardhi ikiinuliwa upande wa nje humpokea, naye hupita bila kupunguza mwendo. Lakini akienda polepole, atateleza chini kama ndizi. Hivyo kasi yenyewe ndiyo inayomshikilia.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja wa Mannheim, Karl Drais, alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedeli. Mtu alikaa juu yake akijisukuma ardhini kwa miguu. Katika miaka ya 1860, mafundi wa Paris walitia pedeli kwenye gurudumu la mbele. Angalieni: pedeli hizo zilishikana na gurudumu moja kwa moja, hazikuwa na friwili. Baadaye Waingereza wakalifanya gurudumu la mbele kuwa kubwa mno, ili kila mzunguko mmoja wa mguu ufike mbali. Mtu alikaa juu kama yuko mtini, na akianguka alianguka kwa kichwa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akaonyesha baisikeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo wa kuendesha la nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baisikeli zetu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, akapata hati ya mpira wenye upepo ndani.

Friwili ilienea karibu na mwaka 1900. Watu wa njiani waliipokea kwa furaha, maana sasa mtu aliweza kuteremka kilima miguu imetulia. Watu wa uwanjani waliikataa. Wao hawakuwa na kilima cha kuteremka. Kwa hiyo baisikeli ya uwanjani haikupoteza kitu. Ilibaki na desturi ya zamani ambayo sisi wengine tuliiacha.

Viwanja vilianza mapema. Kile cha Preston Park, mjini Brighton, Uingereza, kilitengenezwa mwaka 1877. Cha Herne Hill, London, kilifunguliwa mwaka 1891, nacho kilitumiwa katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1948. Huko watu wameendelea kuleta baisikeli kuukuu za mbio, za chuma, zilizotengenezwa kabla wao hawajazaliwa, wakazizungusha uwanjani kwa heshima kama watu wanaotembeza babu yao.

Huko Paris kulikuwa na kiwanja kilichoitwa Buffalo. Mzunguko wake ulikuwa mita 333 na theluthi moja, maana yake mizunguko mitatu ni kilomita moja kamili. Tarehe 11 Mei 1893, Mfaransa Henri Desgrange alizunguka hapo peke yake kwa saa moja. Hakushindana na mtu, alishindana na saa. Alipomaliza walipima wakaona amekwenda kilomita 35 na mita 325. Kwenu watu wa Kibaha, huo ni mwendo wa kutoka Maili Moja, kupita Kiluvya, Kibamba, Mbezi na Ubungo, mpaka kukaribia kuingia katikati ya Dar es Salaam, kwa saa moja, bila lori la kukusukuma kando. Wenye penseli wazidishe 35 kwa 3, waone alizunguka mara ngapi. Tangu siku hiyo shindano la saa moja limekuwa mtihani mkubwa wa mpanda baisikeli. Hakuna mwenzako wa kukukinga upepo, wala hakuna mahali pa kujificha.

Baisikeli tupu ina haki yake. Humuuliza mtu swali moja: una nguvu kiasi gani? Lakini mlango wa uwanja si baisikeli, una walinzi wake. Kwa hiyo nataka tukae kidogo na habari za mtu mmoja, Marshall Walter Taylor, aliyejulikana kwa jina la Major Taylor.

Alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1878, mtoto wa watu weusi. Alipokuwa kijana duka moja la baisikeli lilimwajiri kufanya michezo ya baisikeli mbele ya mlango ili watu wavutike. Alivaa nguo za kiaskari, na kwa sababu hiyo watu wakamwita Meja, ndilo jina lililomkaa mpaka kufa. Mwaka 1894 chama kikubwa cha wapanda baisikeli wa Marekani kilipitisha sheria ya kuwakataza watu weusi kuwa wanachama. Taylor akahamia mji wa Worcester, katika jimbo la Massachusetts, na mwaka 1896 akaanza kushindana kwa malipo.

Alikuwa na kasi isiyo ya kawaida. Viwanja vingi vya kusini mwa Marekani vilimfungia mlango. Pale alipokubaliwa, washindani weupe walifanya shauri dhidi yake: walimzunguka pande zote asipate njia ya kupita, au walimsukuma. Mwaka 1897, huko Taunton, mshindani mmoja alimvuta chini baada ya mbio akamkaba koo mpaka akapoteza fahamu. Kumbukeni baisikeli yake haikuwa na breki. Mtu akimzibia njia hakuweza kusimama ghafula. Ilimpasa kuona mapema, kufikiri mapema, na kupita kwenye upenyo mdogo kabla haujafungwa. Mimi naona hapo ndipo ufundi wake ulipotoka. Wengine walijifunza kukimbia. Yeye alijifunza kukimbia na kujiokoa kwa wakati mmoja.

Mwezi Agosti 1899, mjini Montreal, Kanada, Taylor alishinda mbio fupi za maili moja akawa bingwa wa dunia. Kabla yake mtu mweusi mmoja tu, mpiganaji ngumi George Dixon, alikuwa amepata ubingwa wa dunia katika mchezo wowote. Mwaka 1901 alikwenda Ulaya, akawashinda mabingwa wa nchi mbalimbali. Mfaransa Jacquelin alimshinda mara ya kwanza huko Paris. Wakarudiana, na mara ya pili Taylor akamshinda. Tena, kwa ajili ya dini yake, kwa miaka mingi hakukubali kushindana siku ya Jumapili, ingawa Jumapili ndiyo iliyokuwa na watu wengi na fedha nyingi.

Mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha. Fedha zilimwishia, afya ikaharibika, akawa anauza mwenyewe kitabu cha maisha yake alichokipiga chapa kwa gharama zake. Alikufa Chicago mwaka 1932 katika wodi ya maskini, akazikwa katika kaburi la watu wasio na mtu. Mwaka 1948 wapanda baisikeli wa zamani walichanga, mwenye kiwanda kimoja cha baisikeli akatoa fedha, na mwili wake ukahamishiwa kaburi lenye jiwe na jina. Mwaka 1982 Indianapolis ilijenga velodromu ikaiita kwa jina la Major Taylor. Sheria ile ya 1894 ilifutwa rasmi mwaka 1999. Toeni wenyewe: 1999 kutoa 1894 ni miaka mingapi?

Mambo kama hayo hayakuwa ya Marekani peke yake. Katika Eritrea, wakati Waitaliano walipotawala, mashindano ya kwanza ya baisikeli yalikuwa ya Waitaliano tu. Mwaka 1939 walikubali kukimbia pamoja na wenyeji, na mwenyeji, Ghebremariam Ghebru, akashinda. Hayo yalikuwa mashindano ya barabarani, si ya uwanjani. Lakini mwaona mlango ulikuwa ule ule.

Sasa nawarudisha karibu na nyumbani, kwa njia ambayo pengine hamkuitazamia. Wazee wa Kisarawe na Kibaha wanaikumbuka Raleigh. Ilikuwa baisikeli nzito, nyeusi, yenye alama ya kichwa cha korongo, na korongo hao wamechongwa hata kwenye lile duara kubwa la meno la mbele. Ilitoka Nottingham, Uingereza, katika kampuni iliyoanzishwa miaka ya 1880. Mtu aliyekuwa nayo wakati wa Tanganyika alikuwa mtu mwenye mali, na wengine waliifunika kwa shuka usiku. Basi kampuni hiyo hiyo ilimtengenezea baisikeli ya uwanjani Mwingereza Reg Harris. Harris alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi kwa watu wa malipo mwaka 1949, 1950, 1951 na tena 1954, na Raleigh walilitumia jina lake katika matangazo yao.

Fikirini jambo hilo. Kampuni moja, korongo yule yule. Baisikeli moja haina breki wala madigadi, yazunguka kwenye sakafu laini mbele ya watu wanaopiga makofi. Nyingine ina breki za fimbo, karia na fremu nzito, nayo imeletwa kwa meli kuja kubeba mihogo. Tofauti yao haikutoka kwa fundi peke yake, ilitoka kwa njia. Yule wa uwanjani alitengenezewa njia inayofaa baisikeli. Huyu wa kwetu alitengenezewa baisikeli ya kustahimili njia mbaya. Baadaye nchi yetu nayo ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam kilichotoa baisikeli za Swala, na Phoenix za China zikaenea, lakini umbo lilibaki lile lile la kazi.

Nitaongeza habari ya Harris, kwa ajili ya wale wanaosema wamezeeka hawawezi kujifunza. Aliacha mashindano, akakaa miaka mingi, akarudi. Mwaka 1974 alishinda ubingwa wa Uingereza wa mbio fupi akiwa na umri wa miaka 54.

Turudi kwenye shindano la saa moja. Tarehe 25 Oktoba 1972 Mbelgiji Eddy Merckx alikwenda Mexico City, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na upepo hauzuii sana. Baisikeli yake ya chuma haikufika kilo 6. Mfuko mmoja wa unga wa kilo 10 ni mzito kuliko hiyo. Mbele ilikuwa na meno 52, nyuma meno 14. Kila mzunguko mmoja wa miguu ulimpeleka karibu mita 7.9, naye alikanyaga zaidi ya mara 100 kila dakika kwa saa nzima. Alikwenda kilomita 49 na mita 431.

Baada yake vyombo vilibadilika sana. Zilikuja baisikeli za nyuzi za kaboni, magurudumu yasiyo na spoki, na mikao ya ajabu, mtu amenyoosha mikono mbele kama anaruka. Mwaka 1996 Mwingereza Chris Boardman, kwa chombo na mkao kama huo, alikwenda kilomita 56 na mita 375. Ndipo watu wakauliza: ni mtu aliyeshinda, au ni chombo? Mwaka 2000 wakuu wa mchezo huu duniani wakaweka sheria kwamba anayetaka rekodi ya saa moja apande baisikeli ya namna ya Merckx: mabomba ya mviringo, magurudumu ya spoki, usukani uliopinda wa zamani. Boardman akakubali. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo, mjini Manchester, alipanda chombo cha namna ya zamani akakimbia saa moja. Alipata kilomita 49 na mita 441.

Linganisheni ubaoni: 49,431 na 49,441. Tofauti ni mita 10, karibu urefu wa basi moja, baada ya miaka 28. Na tofauti yake na rekodi yake mwenyewe ya 1996 ilikuwa karibu kilomita 7. Sehemu kubwa ya kilomita hizo 7 haikutoka miguuni. Hata hivyo sikubali kwamba wawili hao walilingana kabisa, kwa sababu Manchester haiko juu kama Mexico, na hewa ya chini ni nzito. Ukitaka kuwapima watu wawili kwa haki, haitoshi kuwapa chombo kimoja. Uangalie na mahali. Sheria hiyo ilibadilishwa tena mwaka 2014, na mwaka 2022 Mwitaliano Filippo Ganna, kwa baisikeli ya kisasa, alifika kilomita 56 na mita 792.

Kibaha hakuna velodromu, wala Kisarawe. Katika Afrika viko viwanja vichache, kwa mfano Cairo na karibu na Cape Town. Mabingwa wa pande zetu za Afrika wametokea zaidi barabarani. Mwaka 2024 Mwaeritrea Biniam Girmay alishinda hatua tatu za mashindano ya kuzunguka Ufaransa, naye ndiye mtu mweusi wa kwanza kutoka Afrika kushinda hata hatua moja. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika bara letu. Vilima vya Kigali si vidogo kuliko vya Pugu.

Sasa sikilizeni onyo. Mtu yeyote asirudi nyumbani leo akaivua baisikeli yake breki kwa sababu amesikia habari za mabingwa. Katika mteremko wa Pugu, mbele ya malori, hakuna ukingo wa karai wa kukupokea. Mbebaji wa mkaa, akiwa na magunia yake, hukanyaga kwa saa kadhaa, hana mtu anayempimia saa, tena anashiriki njia na magari yasiyomjua. Kama kuna barabara mnayoijua yenye njia ya pembeni ya baisikeli, itajeni darasani, na mseme inaishia wapi.

Kazi ya nyumbani ni hii. Hesabuni meno ya mbele ya baisikeli yenu, kisha meno ya nyuma. Gawanyeni ya mbele kwa ya nyuma. Chukueni kamba, mzungushe gurudumu la nyuma mara moja juu ya mpira, mpime kamba hiyo kwa mita. Zidisheni hesabu hizo mbili. Mfano: meno 48 kwa 20 ni 2.4, gurudumu likiwa na mita 2.2, jibu ni mita 5.28. Huo ndio mwendo wa baisikeli kwa mzunguko mmoja wa miguu. Baisikeli ya zamani ya uwanjani yenye meno 48 kwa 16, na gurudumu la mita 2.1, ingefika mita 6.3. Andikeni jibu pamoja na jina la baisikeli, na kama ina korongo, andikeni pia ina umri gani na nani aliinunua kwanza.